Mlango wa Ubavuni

Jana tumemzika wifi yangu, kwa hiyo leo nasema! Nimeubana mdomo huu miaka na miaka, mdomo huu huu ambao mume wangu anasema haujawahi kupumzika hata nikilala, na sasa kiapo kimeisha. Vuta kiti. Hapo hapo karibu na dirisha, usiguse cherehani, nisikilize.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyemlea. Akaacha shule, akaenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee ya masista, na huko huko akabaki, akapandishwa cheo kutoka kufua mashuka hadi kuwaogesha wenye mashuka. Cheo kingine duniani hakupata. Hakuolewa. Mimi nilipoolewa nilimkuta ndani ya nyumba, mrefu, mwembamba, mkimya mpaka unapandwa na hasira. Niseme weee mpaka koo likauke, yeye anajibu "ehee." Wanangu walimwita Shangazi Ehee. Nilikuwa namwambia, "Wifi, Mungu alipokuwa anagawa maneno, wewe ulikuwa umeenda kuanika?" Anacheka tu, anaendelea kukunja nguo.

Jumamosi mchana, badala ya kupumzika kama binadamu wengine, alikuwa anachukua ndoo na tambara anakwenda kupiga deki kanisani. Hakulipwa. Nilishamwambia akapumzishe huo mgongo, nikachoka.

Sasa sikia. Jumapili moja paroko wetu mzee alipanda kuhubiri, akafunga kitabu cha masomo. Kisha akasema, "Wapendwa, mmoja wenu amenijia. Anasema Mama Maria amemtokea humu humu kanisani, na ameomba jambo moja tu. Mlango wa ubavuni usifungwe tena, mchana wala usiku. Nimemhoji, nimesali, nimesadiki. Jina lake hamtalisikia kwangu." Halafu akashuka na bisibisi mkononi, mzee wa watu, jasho linamtiririka, akaking'oa kitasa cha mlango ule mbele yetu sote.

Mungu wangu, parokia ilichemka! Nani? Nani katokewa? Hapa kwenye cherehani yangu ndipo palikuwa mahakama. Huyu anasema ni sista mdogo, yule anasema ni mwalimu wa kwaya, maana siku hizi anafumba macho akiimba. Mimi nilikuwa mkuu wa wapelelezi. Nilikuwa nachukua vipimo vya kiuno huku namkazia mtu macho nione kama yana nuru. Jioni narudi nyumbani namwaga yote mezani. Wifi anamenya viazi. "Na wewe unadhani nani?" namuuliza. "Mtu tu," anajibu. Mtu tu! Nikamwambia hana hata chembe ya udadisi, na nikahamia kwa mume wangu, ambaye alikuwa ameshasinzia.

Mlango ukabaki wazi, na watu wakaingia. Mama mwenye mtoto mchanga, kafukuzwa na mumewe, alikutwa asubuhi amelala kwenye benchi la mbele. Walevi walilala. Kijana mmoja aliyepigwa mpaka uso haujulikani alijikokota akaingia pale, akapona. Wapo waliolalamika kuhusu harufu, lakini paroko mzee alisema harufu inaondoka kwa maji, na maji, kama unavyojua, yalikuwa kazi ya wifi.

Paroko mzee akafariki. Akaja kijana, mtu mzuri, simsemi vibaya, ila anapenda mambo yapangwe yakapangika. Hajamaliza mwaka, wezi wakapita mlango ule wakabeba spika zote za kanisa. Alikasirika, na nani asingekasirika? Akatangaza mkutano baada ya misa. "Jumatatu fundi seremala anakuja na kufuli," alisema. "Mtangulizi wangu amekufa na siri yake. Kama aliyetokewa yupo hai, Jumapili hii asimame mbele ya watu aseme. Akisimama, mlango nauacha. Asiposimama, nafunga."

Jumapili ile, wifi alivaa gauni la bluu. Lile gauni nililomshonea mwenyewe, akalikunja kabatini miaka yote, eti ni zuri mno. Leo kalivaa! "Wewe, unakwenda kuposwa?" nikamuuliza. Hakucheka. "Wifi," akasema, "leo ukae karibu yangu." Mimi akili yote iko kwenye mkutano, sikusimama hata kujiuliza.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za altare. Paroko akauliza, "Yupo?" Watu wakageuka kutazamana. Mimi shingo inazunguka huku na huku, nasema leo leo namwona kwa macho yangu! Pembeni yangu wifi akashika benchi la mbele, akaanza kuinuka. Magoti yakalia. Nikamkamata gauni nikamvuta chini kwa nguvu.

"Kaa! Unanikinga, utanikosesha uhondo!"

Akarudi kwenye benchi puu. Na sekunde hiyo hiyo, mbele kabisa, mwenyekiti wa kina mama akasimama.

"Ni mimi, Baba Paroko. Ni mimi niliyemwona."

Wee! Vigelegele vilitaka kung'oa paa! Mwenyekiti, mama mnene wa heshima zake, akasimulia mwanga mkubwa, nyota kichwani, harufu ya waridi, huku machozi yanamtoka. Paroko alimtazama, akatazama watu, akasema, "Nilitoa neno langu. Mlango hautafungwa." Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikamgeukia wifi nimkumbatie. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anapiga makofi kama mtoto, viganja vimekuwa vyekundu.

Tukiwa njiani ndipo kitu kikanigonga kichwani. Nikasimama katikati ya barabara.

"Wifi. Ulikuwa unainuka kwenda wapi?"

"Chooni."

"Na gauni hilo?"

Akaanza kulinyoosha gauni kwa viganja. Nikamshika mabega, sijui nilikuwa nacheka au nalia. "Ni wewe! Shangazi Ehee, ni wewe! Na yule mwongo kasimama pale na nyota zake! Ngoja nirudi, namwaibisha sasa hivi mbele ya..."

"Wifi, mlango umefungwa?"

"Haujafungwa, lakini..."

"Basi."

Akaniapisha pale pale, nisiseme mpaka azikwe. Mimi! Angenidai figo ningempa kwa raha zaidi. Kila mwenyekiti alipopita hapa na watu wanambusu mkono, nilikuwa nauma uzi kwa meno ili ulimi usitoke.

Mwenyekiti akazeeka, akaugua miguu, akapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Siku moja nilipeleka mashuka niliyokunja pindo, nikamkuta wifi kapiga magoti sakafuni na beseni, anamwosha. Nikajibanza na mashuka yangu karibu na kabati. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, kiti, kabati na dirisha, hapakuwa na pa kwenda.

"Nina dhambi moja inanila," mwenyekiti akasema ghafla. "Nimeshaiungama, lakini bado inanila. Sikuona kitu. Yule kijana aliyepigwa, aliyeingia kwa mlango ule, alikuwa mwanangu. Niliposikia wanaufunga nikasimama nikadanganya. Mdomo ulitangulia, na nyota nikazitoa kwenye picha za ukutani."

"Najua, dada," wifi akasema, anasugua kisigino.

"Umejuaje?"

Wifi alikamua kitambaa. Mwenyekiti alimwangalia, akamwangalia, na taratibu uso wake ukabadilika. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mungu wangu! Ni wewe."

"Ehee."

Nilikuwa nimeyakumbatia mashuka yale nusura yachanike.

"Alikuwaje?" mwenyekiti akauliza kwa sauti ndogo. "Niambie. Alikuwaje?"

Wifi alifikiri. "Alikuwa amechoka," akasema. Na hapo, mimi niliyeishi naye nyumba moja umri wangu wote wa ndoa, nilimsikia kwa mara ya kwanza akisema maneno mengi kwa mkupuo mmoja. "Nilikuwa napiga deki. Nikasikia mtu anasukuma mlango wa ubavuni. Sakafu ilikuwa bado mbichi, sikutaka mtu aikanyage. Nikapaza sauti, 'Kumefungwa! Zunguka mbele!' Akanijibu kwa upole, 'Nimetoka huko. Nako kumefungwa.' Nikafungua. Alikuwa na mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi. Akaingia, akakaa. Nilipogeuka kumletea maji ndipo nikamtambua, nikaidondosha ndoo."

Mwenyekiti alilia mpaka kitanda kikatikisika. Wifi akapapasa beseni kuona kama maji bado yana joto.

"Nyanyua mguu wa pili, dada," akamwambia.

Jana wabebaji walilishika jeneza wakaelekea mlango mkubwa wa mbele. Nikasimama katikati ya njia nikatandaza mikono. "Hapana! Kwa ubavuni!" Paroko, naye sasa ana mvi, akaniuliza kwa nini, mama, mlango ule ni mwembamba. Nikamwambia, "Wewe mpitishe, Baba. Kesho nitakuambia." Wakainamisha jeneza kidogo, likapita.

Kesho ndiyo leo. Nipe mkasi huo nikate huu uzi, nivae viatu, twende wote kwake.