Mama wa Milango

Msimamizi wa bweni la chuo alikuwa mama wa Kizungu, vidole vikavu kama kuni, na hapiti mlango bila kuusukuma aone kama unafunguka. Sesilia, mama wa mwanafunzi mmoja, alimkodolea macho kikao kizima cha nidhamu. Yeye alitoka kwake Woolwich, London, bila kuitwa, maana anavyojua, mtoto akikosa shuleni mzazi huenda.

"Mama, please, rudi nyumbani," Justin, mwanawe, mwenyekiti wa klabu ya wanafunzi, alinong'ona.

"Nyamaza! Pombe mnywe nyie, aibu ninywe mimi?"

Klabu yao ilifanya sherehe, ikaziba mlango wa dharura kwa kreti za bia. Msimamizi alisema kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa: klabu inafungwa mwaka mzima, pombe marufuku, ila hafukuzwi mtu chuo. Halafu akamshika Justin mabega, kama aliyewahi kuzika watu waliokosa mlango wa kukimbilia motoni. "Mko hai," akasema. "Nyote mko hai."

Sesilia, aliyejiandaa kupiga magoti, akashusha pumzi, akamkumbatia msimamizi. "Asante, dada. Hapo ulipoishia wewe, nyumbani naendelea mimi."

"Anasema asante," Justin akamtafsiria msimamizi, akakomea hapo hapo.