Mke Mwenza wa Plastiki

Kwa miaka kumi na tisa mshonaji alikuwa mguu wa mumewe. Mume mwenyewe ndivyo alivyopenda kusema mbele za watu: "Mimi mikono, huyu mguu." Kila breki za gari lao kuukuu zilipolegea, mshonaji aliacha cherehani, akavua kandambili, akakaa nyuma ya usukani. Mume alilala chini kando ya gurudumu, spana mkononi, na sauti yake ikapanda kutoka huko: "Kanyaga! Shikilia... shikilia... Haya, achia." Hewa iliyonaswa kwenye njia za breki ilitoka kidogo kidogo pamoja na mafuta yaliyochakaa, mpaka pedali ikawa ngumu. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima ya Jumamosi. Kuna mume na mke wanaotoka kutembea pamoja. Hawa wawili walikuwa na hilo tu.

Kwa hiyo siku mume alipoketi uani na bomba la kunyunyizia maua, akalikata, akaliunga mpira mrefu na kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, mshonaji alimtazama kupitia dirishani na roho ikaanza kumchoma. Alimsikia akilipigia mluzi lile bomba. Yeye hakuwa amepigiwa mluzi tangu watoto walipohamia makwao.

"Hii inasukuma mafuta yenyewe," mume alieleza, macho yanang'aa. "Unajaza, unapampu, kifuniko unakifunga kule juu kwenye kopo la mafuta kando ya injini, unafungua skrubu gurudumuni, basi. Mtu mmoja anamaliza."

"Mtu mmoja," mshonaji alirudia.

Wifi yake, dada wa mume aliyeishi chumba cha nyuma, alikuwa akianika nguo. Huyo mdomo wake haukuwa na likizo.

"Wifi, nikupe pole au nikupe hongera? Kaka kakuletea mwenzio."

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo hapo! Kiuno chembamba, hali, havai, wala hanuni. Jitazame, mama, utaachwa na plastiki."

Walicheka wote watatu. Mshonaji alicheka zaidi ya wenzake, kisha akarudi kwenye cherehani na kushona mkono wa shati kinyume.

Jumamosi iliyofuata gari lilipandishwa kwenye mawe imara, magurudumu yakavuliwa. Mume alitandika tambara lililoloweshwa juu ya ubavu wa gari, kwa kuwa mafuta ya breki hula rangi, na ndoo ya maji aliiweka karibu. Alikuwa mwangalifu tangu zamani. Alipofika kwenye bomba lake akamwita mkewe.

"Njoo mara moja, mama. Kwanza napampu hewa tupu, bila mafuta. Kama kifuniko kinavuja, kivuje hewa. Bomba hili halina mshale wa kupimia nguvu ya hewa, kwa hiyo ni masikio tu, na yangu unayajua."

Aliyajua. Miaka ishirini na mbili ya msumeno wa kiwanda cha mbao ilikuwa imeyala; nyumbani redio ilipiga kelele kama sokoni. Mshonaji aliinama juu ya injini. Mume akapampu mara kumi, akaacha, akamtazama usoni jinsi mtu anavyomtazama daktari.

"Unasikia chochote?"

Alisikia. Ulikuwa mlio mwembamba, kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano, ukitoka pale kifuniko kilipokutana na kopo. Aliona hata sababu: ile pete ya mpira ndani ya kifuniko ilikuwa imejikunja upande mmoja, ukingo wake umechungulia nje. Jicho lililozoea pindo haliwezi kukosa kitu kama hicho.

Nyuma yake wifi alikuwa akiimba. Mkono wa mume ulikuwa umelala juu ya bomba, umetulia, kama mkono unavyotulia begani kwa mtu.

"Hapana," alisema mshonaji. "Kimya."

Mume akaachia hewa, akamimina mafuta, akapampu tena. Alipofika kwenye gurudumu la nyuma, lile lililo mbali kuliko yote, hata skrubu hajaigusa, kifuniko kikatema. Mafuta yaliruka juu ya injini, yakapita tambara, yakatiririka juu ya rangi hadi kwenye taa.

"Maji!" alipiga kelele mshonaji, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishika ndoo. Alimwaga, akajaza, akamwaga tena. Mume alilegeza mdomo wa bomba ili nguvu ya hewa iishe kabla ya kugusa kifuniko, akapangusa kwa haraka na shati lake. Hata hivyo pembeni mwa taa rangi ilibaki imevimba, doa la ukubwa wa kiganja.

Wifi alisimama na kibanio cha nguo mdomoni.

Mume aliketi juu ya gurudumu lililovuliwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Nimezeeka, mama. Nimefunga vibaya na sikusikia. Breki si mchezo, siku moja nitakuua barabarani. Jumatatu nalipeleka kwa fundi, na vyombo hivi nawapa watakaovitaka."

Mshonaji alikuwa amepata alichokitaka: bomba lilikuwa limelala chini, kifuniko kinadondoka. Lakini na Jumamosi zenyewe zilikuwa zinaondoka nalo, na mume alikuwa akiyashika masikio yake kama vitu alivyoazimwa.

"Nilisikia," alisema.

"Nini?"

"Nilisikia!" Ilibidi aseme kwa sauti, mpaka wifi akageuka. "Kilikuwa kinavuja. Mpira umejikunja. Niliuona. Nikakudanganya."

Mume hakuuliza kwa nini. Labda alijua, labda jambo lenyewe lilikuwa dogo mno kwake kulifikiria, na hilo ndilo mshonaji aliloliogopa zaidi. Akainuka, akaichomoa pete, akaipangusa, akaipaka mafuta kidogo, akailaza sawasawa kwa kidole gumba. Akafunga, akapampu hewa tupu.

Hakumwita kusikiliza. Alichukua povu la sabuni kwenye beseni la dada yake, akalipaka kuzunguka kifuniko kwa brashi, akangoja aone kama litatoa viputo vipya. Halikutoa. Akalikausha vizuri kwa tambara, maji yasije yakaingia kwenye kopo, kisha akajaza mafuta na kwenda gurudumu hadi gurudumu, peke yake.

Mshonaji hakuingia ndani. Alibaki amesimama na ndoo, wivu ungali hai kifuani, sasa akilionea hata povu la sabuni.

Mwisho mume akaingia garini, akakanyaga pedali mwenyewe. Akakanyaga tena.

"Imekaza," alisema, macho mbele, kwenye kioo.

Haikujulikana alikuwa akiliambia gari, au bomba, au nani.

"Vizuri," mshonaji akaitikia, kwa sauti kubwa ili asikie.

Mume akageuza kichwa, akamtazama mkewe.