Gauni Lisilo na Mwenyewe

Mume wangu ni fundi cherehani, na mimi ndiye mmaliziaji wake. Yeye anakata na kushona. Mimi natengeneza matundu ya vifungo, napinda mapindo, nakata nyuzi zinazoning'inia na kupiga pasi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana, chumba cha nyuma ndiyo maisha mengine yote, na katikati kuna pazia ambalo watoto wameligeuza goli.

Ukitaka kumjua mume wangu, njoo umtazame mteja anapoingia. Haanzii usoni. Anaangalia mabega, anashuka kiunoni, ndipo anasema karibu. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mzee mkali aliyekuwa akimpiga vidole kwa rula kila akikata upande, na nadhani ule ukali ndio uliomkausha maneno. Ukimuuliza swali, atamaliza mshono kwanza ndipo ajibu, na wewe kwa wakati huo umeshasahau ulichouliza. Mimi nimeumbwa kinyume chake. Neno likinifika mdomoni, limeshatoka.

Enzi za uchumba aliniita Pilipili, na nililipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi wangu. Wakaja watoto, mmoja, wa pili, wa tatu, naye akaanza kuniita Mama kama wao. Basi na mimi nikaanza kumwita Fundi, kama wateja.

Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Sina mume mbaya, mwenye kusema hivyo atakuwa ananisingizia. Lakini ilifika mahali nikaona sisi ni wafanyakazi wa karakana moja tunaolala kitanda kimoja. Mazungumzo yetu yalikuwa "ile suruali imeisha?" na "mdogo ameoga?" Siku moja nilisuka nywele mtindo mpya, nikapitapita mbele yake asubuhi nzima. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga. Nikasogea. Usiku nililia kidogo, kimya kimya, nisije nikamwamsha kitinda mimba aliyelala katikati yetu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyetusukuma. Alikuja, akanitazama usoni, akasema, "Nipe hao watoto mwende mkapumzike. Siku mbili hawatakufa, na mimi sitakufa." Nikampelekea Fundi habari hiyo nikitegemea ataniambia kazi zimejaa. Akamaliza mshono wake, akasema, "Sawa."

Nikaweka sharti. Hakuna kazi. Hakuna mkasi, hakuna tepu ya kupimia, hakuna nguo ya mteja, hata mkono wa shati. "Ukibeba kazi," nikamwambia, "nitajua niliolewa na cherehani." Hakucheka, alijua simtanii. Na moyoni nilikuwa nimekata shauri kwamba safari hii ndiyo itakayoniambia kama bado nina mume au nina bosi.

Tulipanda basi kwenda mji mdogo wa milimani, mahali penye baridi na bustani. Njiani nikamenya chungwa, nikaligawa vipande, nikawa nampa kimoja kimoja huku namwambia, "Tema mbegu." Mama mmoja wa kiti cha pembeni akageuka kututazama. Fundi akatema mbegu kiganjani mwangu bila kusema kitu, na mimi nikazipokea bila kufikiri.

Nyumba ya wageni ilikuwa safi, na chumba chetu kilikuwa na dirisha la kutazama bustani, kabati lenye kioo kirefu na kitanda kipana kama uwanja. Shuka ilikuwa nyeupe, pindo lake limekwenda mrama upande mmoja. Tuliliona wote wawili. Tukatazamana, kila mmoja akaumeza ulimi wake.

Tukajilaza kupunguza uchovu wa safari. Baada ya muda nikagundua nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda, na yeye kaning'inia ukingo wa kule, katikati pamebaki nafasi ya watoto wetu wote.

"Hapo analala nani?" nikauliza.

"Mazoea," akasema.

Hakusogea. Na mimi kwa kiburi changu sikusogea. Nikatazama dari nikijisemea, haya sasa, watoto hawapo na hatuna la kuzungumza. Nilichokuwa nakiogopa kimeshanifika.

Jioni tulitakiwa kushuka bustanini kula. Yeye alipoingia kuoga, nilifungua begi lake kutafuta taulo la pili. Chini ya mashati yake nikakuta kifurushi. Nilikijua kabla sijakigusa, maana kilifungwa kwa kile kitambaa cheupe anachofungia nguo za wateja zilizo tayari.

Nikakifungua. Ndani mna gauni la zambarau iliyokolea, kitambaa kizito kinachomwagika chenyewe, mishono yake imenyooka kiasi kwamba ukitazama haraka unaweza kudhani haipo. Kazi yake ya mwisho kwa uzuri. Pindo tu ndilo halikupindwa. Na pindo ni kazi yangu. Nikaelewa yote hapo hapo: amebeba kazi, na kazi yangu mimi ameniletea mpaka milimani.

Damu ikanichemka. Nikalishika mabegani nikalinyoosha mbele yangu nijue ni la nani. Mimi nguo haihitaji kuniambia jina. Kwa jinsi nilivyomalizia nguo za watu, nikiona kiuno nakutajia mwenyewe. Hiki kilikuwa kiuno cha mwanamke mzima, aliyekula akashiba. Nyonga zake pana. Kifua chake kimenyonyesha. Nikawapitisha wateja wote kichwani. Mwalimu mkuu, hapana, yule ni mrefu. Muuza dawa wa pale mtaani, hapana, mabega yake ni ya mwanajeshi. Mke wa fundi bomba, labda, lakini yule zambarau haipendi. Walipoisha wote likanijia wazo jingine, baya zaidi, la mwanamke nisiyemjua kabisa.

Fundi akatoka bafuni anajifuta masikio, hana hili wala lile.

"La nani hili?" nikamuuliza.

Akalitazama gauni, akanitazama mimi. "Ah, umeliona."

"Nimeliona. Nakuuliza la nani."

"Nilitaka nikupe kesho."

"Unipe kesho nikae nipinde pindo? Tulikubaliana nini, Fundi? Siku mbili tu. Nimewaacha wanangu kwa dada, nimekuja mpaka huku, na wewe unanibebea kazi? Na huyu mwenye nyonga zake ni nani, maana mimi simjui."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, taulo mkononi. Akalikunja pembe kwa pembe, taratibu kama kawaida yake, mpaka nikatamani kumrushia kiatu.

"Vaa," akasema.

"Nivae nguo ya mtu?"

"Livae kwanza."

Nikalivaa. Nilivaa kwa hasira, nasema ukweli. Nilitaka liniporomoke mabegani mbele ya macho yake, linipwaye mimi mkewe, aone aibu. Nikalipitisha kichwani, nikavuta zipu ya ubavuni. Ikapanda bila kusita. Mabega yakakaa. Kifua kikakaa. Nikangoja lining'inie kiunoni, halikuning'inia. Zile nyonga za mwanamke nisiyemjua zilikuwa zangu.

Nikageukia kioo cha kabati. Nyumbani kioo kikubwa ni kile cha karakana, na mbele yake wanasimama wateja. Mimi huwa chini, nimepiga magoti, pini mdomoni. Sikumbuki mara ya mwisho nilipojitazama mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni. Kwa akili yangu nilikuwa bado natembea na kiuno cha bibi harusi. Na huyu hapa mwanamke mzima, kavaa zambarau, mzuri, mdomo wazi.

"Hukunipima," nikasema.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, ananyoosha mshono wa bega kwa kidole.

"Umenipima lini?"

"Unapita mbele yangu kutwa nzima," akasema. "Nikupimie nini tena?"

Nikashusha pumzi, na nadhani pumzi ile niliizuia tangu alipozaliwa kifungua mimba. Lakini mimi ni mimi, siwezi kuliacha jambo likapita hivi hivi.

"Mbona siku ile nimesuka ulinifukuza? Ulisema nakuzibia mwanga."

"Ulikuwa unanizibia." Akatafuta maneno, nikamwona kabisa kwenye kioo akiyatafuta. "Nilikuwa nakata suruali ya mtu. Ukipita, mkasi unapotea njia. Nusura niiharibu. Ulipoondoka, nilikaa muda mrefu bila kukata kitu."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu vyote viwili vikaja pamoja. Nilikuwa na furaha, sina haja ya kuficha. Mzigo ule niliokuwa nao kifuani, wa kudhani sionekani, uliondoka hivyo tu, katikati ya chumba cha kupanga, na mtu mwenyewe amesimama hajui afanye nini na mikono yake. Akanipa taulo lake nijifute. Lilikuwa limelowa, nikalitumia hivyo hivyo.

"Sasa pindo?" nikamuuliza nilipotulia. "Limekuwaje halijapindwa?"

"Sikujua utavaa kiatu gani. Nikaona tutalipinda huku huku, kwa mkono."

"Kwa sindano ipi? Si tulikubaliana hatubebi kitu?"

Akanitazama kwa namna ambayo wateja hawajawahi kuiona.

"Iko kwenye pochi yako," akasema. "Mfuko wa ndani."

Ilikuwepo. Sindano, na uzi umeshatungwa kabisa. Sindano ile haijawahi kutoka kwenye pochi yangu, hata siku ya harusi nilikuwa nayo, na tangu nitoke nyumbani nikimhubiria habari za sharti haikunipitia akilini hata mara moja. Nilitaka kujitetea kwamba hiyo si kazi, ni tahadhari. Nikaona afadhali ninyamaze, nikavaa viatu.

Akapiga magoti. Yeye chini, mimi mbele ya kioo. Kutoka bustanini zilisikika sahani zikipangwa, na mhudumu alishapanda kutugongea, tukamwambia tunakuja. Nikamwambia zambarau inanipendeza. Nikamwambia nilivyomfikiria muuza dawa na mabega yake, akacheka mpaka akapoteza mstari wa pindo. Nikageuka kumtazama anavyocheka, maana nilikuwa nimesahau kwamba akicheka hufumba jicho moja.

"Tulia, Pilipili," akasema, uzi uko mdomoni. "Nitakuchoma."

Nikatulia.