Isnadi ya Pumzi

Sina elimu ya gesi. Nilichosoma ni Qur'ani, fiqhi na hadithi za Mtume kidogo, kisha nikazamia baharini miaka mingi. Mwenyezi Mungu alinirudisha juu kila mara, ila mguu wa kushoto haukurudi wote. Siku moja nilipanda haraka, na tangu hapo nauburuta. Alhamdulillahi, nauburuta mpaka msikitini.

Kwa hiyo tulipopata kazi ya kubadilisha minyororo ya maboya huku Moa, mimi nilisimamia juu na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ndiye aliyezama. Kule chini alivuta hewa ya kawaida. Akipanda, alisimama kwenye kamba, mita tano kabla ya kutoka, akavuta oksijeni tupu kwa muda ili damu yake itoe ile gesi iliyoingia kinani. Mita tano, si zaidi. Chini sana oksijeni tupu hugeuka sumu.

Mtungi wetu wa oksijeni ya hospitali ulipokwisha, mwenye kazi akaleta mwingine kutoka karakana ya kuchomelea vyuma, mtaa wa Nguvumali huko mjini. Bwana huyu ni mtani wangu wa kabila. Hana staha nami, wala hapaswi kuwa nayo.

"Maalim, pumzi yenu hiyo."

"Hii ni ya vyuma."

"Oksijeni ni oksijeni! Dereva wa gari la mitungi kaniambia kwa mdomo wake: kiwandani tangi moja, bomba moja, karatasi tu ndiyo tofauti. Au mkweo ana mapafu ya kisultani?"

Watu wakacheka. Sikumbishia, kwa sababu huenda dereva alisema kweli.

"Nipe isnadi yake," nikasema.

"Nipe nini?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Maneno ya hadithi yanaweza kuwa mazuri mno, lakini hatuyachukui mpaka tujue nani kayapokea kwa nani, mmoja mmoja, hadi mwanzo. Hiyo ndiyo isnadi. Akikosekana mpokezi mmoja katikati, maneno ni yaleyale, lakini kamba imekatika. Mtungi wa hospitali una karatasi: nani kaujaza, nani kaupima, lini. Huu umepita kwa nani? Uliwahi kubeba nini? Ulilala koki wazi karakana gani, ukaingia unyevu na kutu?

"Mpokezi ni mimi," akasema mtani, akijipiga kifua. "Mimi si mwaminifu?"

"Wewe ni mpokezi dhaifu tangu utotoni."

Safari hii walimcheka yeye. Nikainama niikague koki. Kabla sijaigusa, harufu ikanifikia: mafuta ya nazi.

"Nani kapaka?"

"Fundi wangu. Koki ilikuwa ngumu, akailainisha. Kafanya wema."

Wema, kweli. Sisi watu wa pwani hulainisha kila kitu kwa nazi: bawaba, visigino, nywele. Lakini oksijeni ya mgandamizo ikikutana na mafuta huweza kuwaka kwa kishindo, na koki ile ingefunguliwa karibu na uso wa mkwe wangu.

"Si ufute tu?"

"Haifutwi kwa kanzu."

"Basi azame bila oksijeni."

Nikamnyooshea mguu wangu wa kushoto autazame.

"Kesho naleta wazamiaji wa Muheza!" akafoka.

"Wa Muheza, huko bara, watazamia kwenye machungwa."

Akawaamuru vibarua waupakie mtungi mashuani. Ulikuwa umelazwa mchangani, koki imefungwa. Nikauketia.

"Maalim, inuka. Huo si mswala."

"Nimekaa."

"Mzee mzima!"

"Nimekaa, bwana. Nibebeni pamoja nao."

Hakuna aliyethubutu kunigusa. Mtani akamgeukia mkwe wangu, aliyekuwa tayari amevaa kiunoni mkanda wa madini ya risasi, ule wa uzito wa kuzamia. "Wewe ndiye unayezama, siyo yeye. Kazi unaitaka au huitaki?"

Pumzi ilikuwa yake, na mke na watoto walikuwa wake. Niliomba moyoni tu.

Kwetu mkwe hakai kiti kimoja na baba wa mkewe. Tangu aoe binti yangu hajawahi hata kukaa mkeka mmoja nami. Hula pembeni na kuzungumza macho chini. Akaufungua mkanda, ukaanguka mchangani. Akaja, akasema, "Niwie radhi, baba," akaketi ubavuni pangu, juu ya mtungi uleule.

"Leo sizami," akamwambia mtani.

Mtani alitutukana matusi yote ya utani, na mengine yasiyo ya utani, kisha akatoa simu akaipigia hospitali mjini. Mtungi uliletwa siku ya tatu. Nilisoma karatasi yake yote kwa sauti, mpaka sahihi ya mwisho, naye akiguna kila mstari. Ndipo nikamwambia mkwe wangu avae.