Bambo na Tope la Bahari

Ofisa wa forodha upande wa Uganda alishika bambo, kile chuma chenye ncha wanachochomea magunia ya mahindi kuona kilichofichwa ndani. Safari hii alililenga bomba la plastiki nililolikumbatia.

Ndani mlikuwa na tope la sakafu ya bahari. Dada yangu mdogo, mtaalamu wa miamba, alilichimba akiwa kwenye meli ya utafiti, sasa alikuwa akilipeleka maabara. Yeye alikuwa kwenye foleni ya pasipoti. Mimi, mwenye shahada mbili za fasihi, niliachiwa kazi moja: bomba lisichokolewe.

"Mzee, hii inabeba dhahabu," ofisa alisema.

Sikuweza kumlaumu. Busia hii watu wangepitisha dhahabu hata ndani ya ugali.

Nikajitia ualimu. Nilimweleza kwamba tope hutua baharini polepole, la kale chini, jipya juu, kama mahindi guniani. Ndani mna magamba ya vijidudu, na aina moja ya kaboni iliyomo hupungua kwa kasi inayojulikana. Kilichobaki ndicho kinachotaja umri. Kule chini zaidi, kaboni hiyo ikiisha, wataalamu husoma majivu ya volkano ambayo umri wake umeshajulikana. Bambo likipita, litasukuma jipya ndani ya kale, na vipimo vyote vitadanganya.

Alisikiliza vizuri, na ndipo nilipoharibu. Nilisema la chini kabisa ndilo lenye thamani kuliko yote.

"Ahaa." Akaanza kuligeuza bomba.

Tope la juu lilikuwa laini kama uji. Nililisikia likisogea. Ncha ya bambo ilikuwa imeshagusa kifuniko cha chini dada alipofika. Hakupaza sauti. Alililaza bomba magotini, akafungua kifuniko hicho mwenyewe, akakata kipande chembamba kwa kisu na kumwekea ofisa kiganjani.

Ofisa alikisaga, akakinusa, akakiinua juani. Hakuna kilichong'aa.

"Sasa hii iko na miaka ngapi?"

"Sijui, afande. Hicho ndicho nilichokuwa napeleka kikapimwe."

Alivitazama vidole vyake, akakosa pa kuvipangusia, akavipangusa kwenye suruali.

Dada alifunika bomba. Alisema atapima tope lililokuwa juu ya kile kipande, ila sasa hesabu itaanzia pale kisu kilipopita. Tulipoondoka kuelekea Tororo, bomba lilifungwa mkanda kiti cha mbele cha gari. Mimi nilikaa nyuma.