Nta ya Kupuliza

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza.

Enzi za foleni za sukari, mimi na mke wangu tulikuwa tunayeyusha mishumaa kwenye mafuta ya taa na kuipaka Peugeot yetu nyeupe. Kisha yeye anashika ncha moja ya khanga kuukuu, mimi nyingine, tunavutana juu ya gari asubuhi nzima huku tukipiga soga, mpaka inang'aa.

Maduka yalipojaa bidhaa, nikanunua nta ya kupuliza, ya kopo. Siku niliyoombwa kumbeba bibi harusi, mke wangu akatoa mishumaa.

"Mama Wambura, hayo ya kizamani," nikamwambia.

Nikaegesha gari Mwigobero, kando ya ziwa, nikaipulizia nta kote, nikaenda kunywa chai bila kufuta. Wingu la wadudu wa ziwani likaja, likanasa kwenye nta mbichi. Nilipojaribu kuwafuta wakasagika. Muda ulikuwa umeisha, nikaenda hivyohivyo.

Kanisani, nyanya yake bibi harusi akaizunguka gari, akauliza mbele ya kwaya nzima:

"Hii si ilikuwaga nyeupe?"

Mke wangu akavua viatu, akanirushia ncha ya khanga.

"Shika huko, Baba Wambura."