Mwenyekiti Kaenda Jikoni, Sisi Tukapiga Kura

Jamani, leo mwenyekiti wetu kaunguza wali!

Tulikuwa na kikao cha kikundi chetu cha wakulima wa mpunga, hapa Kiberege. Kaja na tisheti imeandikwa "NIKO PAMOJA NA WANAWAKE". Kapiga picha nasi, kahutubia weee.

Halafu, kama kawaida yake: "Akina mama, nendeni mkaandae chakula, sisi tuendelee na ajenda."

Ajenda yenyewe ni nani asimamie pawatila, trekta letu dogo la kulimia. Kila mwaka wanaume wanaamua sisi tukiwa jikoni tunapuliza moto.

Leo hakuna aliyeinuka.

Mama Neema akasema kwa heshima zote, "Mwenyekiti, si uko pamoja nasi? Jiko lile pale."

Baba wa watu akajitazama kifuani. Semeni nyie, na tisheti ile angekataaje? Kaenda, na wazee wenzake wawili.

Tukapiga kura. Pawatila iko kwa Mama Neema!

Karudi macho mekundu kwa moshi. "Mmeamua nini?"

Nikamjibu vilevile anavyotujibu sisi miaka yote:

"Usijali, baba. Utaelezwa tukishakula."